Namba 14, Namba 22

Ukurasa wa kwanza wa kaye nimeandika:
"Mweupe, mdogo, haketi." Basi.
Jina lake sikulijua, na hadi leo silijui.

Miaka ishirini na sita nilikuwa karani wa bohari ya mgodi,
nikihesabu bolti, glavu, taa za kofia.
Mkono uliozoea hesabu haustaafu.
Ndiyo maana asubuhi, baridi ya Julai ikianza kuachia bati,
nakokota kiti hadi kwenye matuta ya lenga-lenga,
biki sikioni, koti la zamani mabegani,
nangoja jua liwapashe mbawa.
Kabla ya saa tatu hakuna anayeruka Katuba nzima.

Nawaita kwa maneno niliyo nayo.
Mlevi: hashuki mpaka papai lichache.
Jani Kavu: akifumba mbawa,
nabaki nimeshika biki, sina wa kumwandika.
Yule mkubwa wa mlimau, mweusi,
mwenye madoa ya njano kama madirisha ya mtaa usiku,
ni Umeme Umerudi.
Kiwavi wake mchanga hujifanya kinyesi cha ndege.
Kapinga, mke wangu, alitaka niwaponde, wanamaliza majani.
Nikamwambia, mwenye akili hivyo mwache ale.

Namba 14: Mwekundu wa Mvua, rangi ya tofali lililoiva.
Namba 22: Bluu wa Kiangazi, bluu ya ovaroli iliyofuliwa sana,
na madoa mekundu yamepangwa ukingoni kama vifungo.
Hawa nilijivunia. Niliwaeleza hata wauza makala getini:
mmoja akitoka, mwenzake anaingia, ni zamu,
kama sisi kule shimoni,
wa usiku na wa mchana, tusijuane sura.

Mwezi wa tano Mwadi, mjukuu wangu, miaka tisa,
alikuja na kopo la maziwa ya unga,
kipande cha chandarua kimefungwa juu kwa mpira.
Ndani, viwavi weusi wenye miiba
wanatafuna yale majani ya harufu yanayoota nyuma ya choo.
"Nilimwona Mwekundu akitaga, babu.
Yule wa mwisho, aliyechelewa kuondoka."

Sawa, nikasema, watatoka wekundu.
Akanitazama, hakusema kitu.
Akaliweka kopo chini ya kiti changu, kivulini,
kila siku akawabadilishia majani.

Jumanne moja, umeme umekatika, Kapinga anakaanga karanga,
gamba likapasuka.
Kikatoka kitu kilichokunjamana kama nguo iliyokamuliwa,
kikaning'inia, kikatetemeka, kikajikunjua
polepole, hata karanga zikaanza kuungua
maana sote watatu tulikuwa tumeinama juu ya kopo.

Bluu.
Na vifungo vyake vyote.

Nikafungua 14. Nikafungua 22.
Mwandiko wangu mwenyewe, nadhifu, umepigiwa mstari.
Kule bohari niliwahi kumkamata Kyungu wa Mashine,
majina mawili, mishahara miwili.
Nilimwandikia ripoti bila huruma, akafukuzwa,
na nikalala vizuri.
Huyu wa bustanini nimemlipa mara mbili miaka kumi na moja.

Mama mwekundu, mwana bluu;
na mvua zikirudi, mjukuu atavaa tofali tena.
Baridi ndiyo fundi cherehani wao.

Nikachukua rula nikate jina.
"Usikate, babu," Mwadi akasema. "Chora mshale."
Nikachora: kutoka 14, kuvuka kurasa tatu, hadi 22.
Akachukua biki, akachora mwingine wa kurudi.
Jumla ilikuwa thelathini na mmoja. Sasa ni thelathini.

Bluu akakaa ukingoni mwa kopo, akijaribu mbawa,
kisha akavuka ukuta kwenda kwa jirani,
hata hakutuzunguka.

Namba tisa na namba kumi na saba, tangu siku ile,
nawatazama kwa jicho la mkaguzi.